Kipande cha Mwisho cha Dani

Dada yangu Robi,

Kwanza nikutoe wasiwasi: Achieng anakula. Tangu tukuzike alikuwa akichezea uji kwa kijiko hapa kwangu Kehancha mpaka unapoa, mimi namgombeza, halafu naenda kulia nyuma ya jikoni. Sasa anakula. Nitakueleza ilivyokuwa, hata pale ninapoona aibu.

Mama mkwe wako alituma ujumbe: nimlete mtoto Jumamosi, tule chakula cha mchana kwake, kisha tuamue Achieng ataishi wapi. Wiki nzima sikupata usingizi. Unajua alivyo, haongei sana, anakutazama tu. Na mtoto ni wa mwanawe, mume wako aliyekutangulia. Akisema abaki, nani angempinga?

Achieng aliomba jambo moja. Tupitie Homa Bay mjini kwanza ale pizza, ile mliyokuwa mkila kila shule zikifungwa. Nikakubali upesi mno. Robi, nikikuficha wewe nitamwambia nani? Sikukubali kwa sababu ya pizza. Nilitaka mtoto afike kwa Dani, nyanya yake, akiwa ameshiba, asiguse chochote cha jikoni mwake.

Uliugua siku mbili baada ya kula kwa Dani. Daktari alisema ni malaria. Huku nyumbani wakasema umelishwa kitu, na mimi sikuwakatalia. Nilinyamaza, na taratibu nikaamini.

Tukafika mjini saa tano. Hoteli ya kwanza, karibu na ziwa, mhudumu alitabasamu: "Pizza iko kwa menu, madam, lakini leo haiko." Ya pili walituletea mkate mnene uliopakwa sosi ya nyanya, jibini juu limeganda kama sabuni. Achieng alinusa tu. "Si hii." Nikamwambia pizza ni pizza, kula. Akanitazama vile ulivyokuwa ukinitazama wewe, fundi cherehani, nikikukatia kitambaa kombo.

Dani alikuwa amesema saa saba. Saa sita na nusu bado tulikuwa tunazunguka juani, mtoto mbele, mimi nyuma na viatu vya kanisani vinanichuna, namuuliza muuza mandazi, namuuliza fundi wa simu. Hatimaye, nyuma ya soko, Achieng akaona mlango wa bluu akakimbia. Mwenye mkahawa alimtambua. "Mama yako ako wapi leo?" Yule bwana akatutazama, akageuka, akaanza kusukuma unga bila kuuliza tena.

Ilikuwa nzuri, Robi. Nyembamba, hoho zimeungua kidogo. Mtoto alikula vipande vinne, mimi vitatu. Cha nane akakiacha kwenye boksi. Nikamwambia amalize. Akakataa, akalikumbatia boksi, nami nikamfokea mbele ya watu. Nilitaka tumbo lake lijae kabisa, unaelewa.

Bodaboda ilitufikisha saa nane na nusu. Nilipita kaburi lako bila kusimama, maana Dani alikuwa amesimama mlangoni. Mezani kulikuwa na samaki wawili wakubwa na ugali uliokwisha kukauka juu. Tukanawa mikono. Nikamega tonge dogo, nikalizungusha kwenye mchuzi, nikalizungusha tena. Achieng hakugusa kitu. Tulikaa hivyo mpaka Dani akaweka mikono magotini.

"Nyinyi watu ya Kehancha, mnaogopa chakula yangu?"

Kumbe alijua. Muda wote alijua tunachosema. Nikajua mtoto ameshaniponyoka.

Achieng ndiye aliyeinuka. Akafungua boksi, akaliweka mbele ya nyanya yake. "Dani, hii ya mwisho ni yako. Kama ile ya mama."

Siku ya mazishi yako Dani hakutoa chozi mbele yetu. Pale alilia. Akaniambia kila shule zikifungwa ulimletea kipande kimoja, kimeshapoa, mkakaa mlangoni mkicheka kwa sababu jibini lilimnasia kwenye pengo la meno. Hukuwahi kuniambia. Au uliniambia, nikawa sisikii.

Nikavuta sahani. Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni, dada, lakini nilikula samaki yule mpaka mfupa, nikaomba ugali zaidi. Dani alinitazama mpaka nikamaliza. Sijui kama alinisamehe. Akasema, "Nyar Kuria, mpeleke asome huko kwenu. Likizo ni yangu." Nyar Kuria, binti wa Wakuria. Jina alilokuwa akikuita wewe.

Wakati wa kuondoka nilisimama kaburini kwako. Nilitaka kukuomba msamaha, sauti ikagoma, ndiyo maana naandika. Nisamehe, Robi. Huku nyumbani nimeanza kuwaambia watu kwamba ilikuwa malaria. Shangazi amenuna. Na anune.

Pumzika sasa, dada yangu. Shule zikifungwa nitampeleka mwanao. Tutapitia mlango wa bluu, na kipande cha mwisho kitafika kwa Dani. Mimi sitaonja hata kimoja. Nitafika kwake na njaa.

Mdogo wako,
Gati