Kwa Mama Mkwe Aliyeliuliza Jiji

Mpendwa Mama mkwe,

Kwenye simu hunipi nafasi. Unauliza Keza amelalaje, unauliza maharage yameota, unaniambia niwasalimie wote wa hapa Rubondo, kambini Nakivale, halafu mtandao wa huko kwenu Burundi unakatika kabla sijasema hata neno moja la kwangu. Ndiyo maana leo nimekaa chini niandike. Barua hii sitaifunga. Kabla ya kuituma kwako nitampa katekista aisome baada ya misa, kwa sababu siku hizi gari la asubuhi la kwenda Mbarara lina wageni wengi. Wanashuka karibu na lango la hospitali, wanakwenda zao, wakidhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Nataka wajue aliyeuliza ni nani.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuogopa? Elie alikwenda Kampala kutafuta kazi za ujenzi, akatuacha wawili katika nyumba moja, mke na mama yake, na kila mmoja alikuwa bado hajamjua mwenzake. Kisha nikarudi kutoka hospitali na habari kwamba mtoto wetu Keza ana selimundu, kwamba damu yake ndiyo inayomletea yale maumivu ya mifupa, na kwamba atahitaji kupelekwa kliniki Mbarara kila mara, miaka yote. Nilikuambia nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilingoja uulize ugonjwa huo umetoka ukoo gani. Hukuuliza. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukaendelea kuchambua maharage kidogo, ukasema, "Basi tutakuwa tunaenda wote wawili. Mmoja anambeba, mwingine anasema na daktari." Tangu siku ile hukuniacha niende peke yangu.

Safari zile nazikumbuka kwa furaha, ingawa zilikuwa za ugonjwa. Keza mgongoni kwako, kitenge kimemfunika mpaka masikio. Wewe na wale mama wa Kikongo wa garini mnachekana Kiswahili. Wao wanasema "fasi" na "mingi", wewe unawaambia wamekiokota porini, nao wanakujibu kwamba chako kimelala chini ya Kirundi kama mtoto mchanga. Mkifika Mbarara mmeshakuwa ndugu. Gari lilikuwa linatushusha katikati ya mji, tunatembea hatua chache, tunafika.

Halafu ikaja ile asubuhi. Gari lilisimama nje kabisa ya mji, kwenye uwanja mpya uliomwagwa changarawe, na konda akafungua mlango.

"Mwisho ni hapa, ba-nyabo, mama zangu. Jiji imesema gari ya inje haiingii tena mjini. Steji ni hii."

"Na hospitali?" uliuliza.

"Hospitali iko palepale. Ni gari ndiyo imebakia hapa."

Watu walicheka, wewe pia ulicheka. Tulianza kutembea. Kulikuwa na manyunyu, na Keza akipatwa na baridi maumivu yanaamka. Hilo tulilijua sote wawili. Nilitaka tupande bodaboda, lakini Keza alikuwa ameshaanza kulia miguu, kila mtikisiko ulimuumiza, akakataa kushuka mgongoni kwako. Ukambeba. Ulikuwa na umri wa kubebwa wewe mwenyewe, Mama, lakini ulimbeba mpaka pumzi zikakuishia mbele ya duka la vitambaa, ukakaa kwenye baraza lake bila kuomba ruhusa.

Ndipo tulipomjua Hajati Zainabu. Alitoka ndani, nikadhani atatufukuza. Alileta mkeka na chai ya tangawizi, akampa Keza khanga kavu.

"Mtoto huyu anapelekwa hospitali kwa miguu kutoka steji?" aliuliza.

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Na miye wateja wangu wa Nakivale siwaoni tena. Wanashuka huko nje, wananunua hukohuko, wanarudi. Sikieni. Wakubwa wa jiji wanaitisha baraza, raia wanauliza, wao wanajibu. Njooni muulize."

Nilimshukuru kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa. Njiani kurudi nilikuambia, "Mama, sisi ni wakimbizi. Hiyo ni serikali ya watu. Tukiwakasirisha je?"

Ulikuwa unamfunga Keza vizuri. Ulisema, "Miye sitawagombeza. Nitauliza njia. Mgeni akipotea si anauliza njia?"

Kwanza ulikwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, maana ulisema ni adabu kuanza nyumbani. Mtu wa wilaya aliyekuja kwenye mkutano wa kambi alikupokea vizuri, akakusikiliza, akasema steji iko ndani ya jiji, jiji lina serikali yake, wilaya haiwezi kuliamuru. Ulirudi Rubondo ukanisimulia bila hasira. "Amesema si yake. Basi tumuulize mwenye nayo."

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Nilivaa nguo yangu ya kanisani na bado nilijiona nimevaa vibaya. Watu waliuliza kuhusu takataka, kuhusu taa za barabarani, kuhusu vibanda vilivyobomolewa. Ofisa wa usafiri alieleza ule mpango mpya: mji umekua, magari yamejaa, mtu akitaka kuvuka barabara anahatarisha maisha, kwa hiyo magari ya mbali yaishie nje. Na kweli, alisema mambo ya maana. Nilikugusa mkono nikikuomba tuondoke. Mkono wako ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Halafu ukasimama.

"Mukubwa, salama. Miye natoka Nakivale, Rubondo. Mjukuu wangu ni mgonjwa wa hapa. Gari inatuacha mbali. Naomba kuuliza, mgonjwa atembee mpaka lini?"

Mtu mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Hawa si watu ya hapa! Wanapiga kura wapi?"

Wengine walicheka. Wewe uligeuka, ukamtazama bila ubaya. "Kura sina, mwanangu. Nina mtoto mgonjwa. Hata wewe uko na mtoto."

Ofisa akasema kwa upole, "Nyabo, pole sana. Lakini Nakivale haiko chini yetu. Gari zenu zinaandikwa wilayani. Mungeenda wilaya kwanza."

"Nilikwenda. Wilaya imenituma kwako." Ukaendelea: "Kule wanasema steji ni yenu. Hapa munasema gari ni yao. Sasa miye na mtoto, pale katikati, tuko wa nani?"

Nilikuwa nimekaa karibu yako na nilisikia pumzi zako. Hukusema vile ili umwaibishe, na nadhani yeye aliliona hilo. Alivua miwani, akamwomba mtu akuletee kiti cha mbele. Hajati Zainabu akasimama na shungi lake jeupe, akasema yeye anapiga kura, analipa ushuru, na swali lake ni lilelile la huyu mama. Baada yake akasimama mwendesha bodaboda. Baada yake, mama mmoja Mnyankore kutoka vijijini ambaye naye gari lake lilikuwa linaishia palepale kwenye changarawe. Sikujua kwamba tulikuwa wengi hivyo.

Hawakujibu siku ile. Walisema watalitazama. Mimi nilijua maana ya neno hilo, nikajua yameisha. Wewe ulilichukua kama ahadi. Kila tukija kliniki ulipita ofisini kwao, ukasalimia, ukauliza, "Mumelitazama?" Mlinzi wa getini akaanza kukuita Bibi Steji. Siku moja mvua ilikuwa kubwa nikasema leo tusipite. Ukasema, "Leo ndiyo twende. Leo watatuelewa haraka."

Mwishowe jiji na wilaya walikaa meza moja, wakawaita na madereva. Hawakukupa kila kitu. Magari bado yanapakia abiria kule nje, na jioni bado tunatembea mpaka steji. Lakini asubuhi gari la Nakivale linaruhusiwa kupita, kushusha karibu na hospitali, kisha kurudi kwenye uwanja wake. Ile mara ya kwanza konda aliita, "Ba-hospitali, mushuke hapa!" nikakutazama nione kama utalia au utacheka. Ulifanya ishara ya msalaba, ukasema, "Chukua mfuko wa uji, usiusahau." Basi. Ukashuka.

Miye ndiye niliyelia, nyuma yako, ili usinione.

Ulipoamua kurudi Burundi nilijaribu kukuzuia. Ulisema mzee, baba yake Elie, amelala kaburini kule peke yake na shamba lina majani. Pale Base Camp, siku ya mabasi ya kuwarudisha watu Burundi, ulinishika kidevu kama mtoto ukaniambia, "Mukazana wangu, mke wa mwanangu, umejua njia zote. Sina wasiwasi." Nilitaka kukuambia kwamba mama aliyenizaa alikufa kabla sijafikiri kumshukuru, na kwamba wewe ulikuwa mama yangu wa pili wakati nilikuwa nimeshazoea kukaa bila mama. Lakini waliita majina, ukapanda. Sasa nimelisema. Asante kwa kumbeba Keza. Asante kwa kutouliza ugonjwa ulitoka ukoo gani. Asante kwa kunionyesha kwamba mtu anaweza kutetemeka na kusimama hapohapo.

Keza anasoma vizuri. Maumivu yanakuja, lakini si kama zamani, na dawa zake hakosi, kwa sababu kliniki hakosi. Anataka kujua kama kule kwenu kuna gari la hospitali. Nimemwambia kama halipo, wewe utakuwa umeshaliulizia.

Wiki iliyopita kulikuwa na baraza tena. Nilikwenda na Hajati, anakusalimia sana. Ofisa ni yuleyule, nywele zimeingia mvi. Aliniona akatafuta pembeni yangu.

"Yule mama yuko wapi?"

"Alirudi kwao, Burundi."

Alitabasamu. "Basi leo tutapumzika."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikafikiria wale wagonjwa wanaotembea jioni na dawa mkononi mpaka kwenye changarawe. Miguu ilinitetemeka, Mama, yote miwili.

Nikasimama.

Kaa salama huko kwenye shamba lako. Usinyanyue jembe jua likiwa kali, na mtandao ukirudi, siku moja niache nianze kusema mimi.

Mkazamwana wako,
Mama Keza