Daftari la Mukandutiye

Nengo, Gisenyi, 4 Machi 2024

Mwanangu Abdu,

Asalamu alaikum. Sisi wazima, ila magoti yananikumbusha umri. Wewe na lori lako mko salama?

Kuna jambo linanikera. Mwanao Mwamini ametimiza miaka minne na bado hageuki akiitwa. Ulipompeleka Kigali ulisema daktari ameyaona masikio yake mazima. Basi anatunyima maneno tu? Siku nzima anapanga vifungo vyangu kwa rangi, na cherehani ikilia anaziba masikio. Na Mukandutiye, jirani wa mbele, amekuja mara tatu na daftari. “Mama, uyu mutoto anaonyeshaka kitu na kidole? Anakuangaliaka mu macho?” Nani anauliza hivyo mtoto wa mwenzake? Simwamini kabisa. Na mkeo Kaltumu anashinda sokoni Goma, ng'ambo ya mpaka, nabaki peke yangu na mtoto.

Mama yako

Kampala, 11 Machi

Mama mpenzi,

Waalaikumu salaam. Pole na magoti.

Usimfungulie huyo mwanamke, na asiandike jina la mtoto wangu popote. Mwamini amechanganywa na lugha: Kinyarwanda cha mama yake, Kiswahili chako, Kifaransa cha runinga. Muongeleshe Kinyarwanda tu, abaki ndani mpaka nirudi. Ya nyumbani yabaki nyumbani.

Mwanao Abdu

Nengo, 20 Julai

Abdu,

Salamu. Mwili haujambo, moyo ndio mgonjwa.

Nilikutii miezi minne. Mtoto alikuwa akihesabu nami vifungo, moja, mbili, tatu. Nilipoacha Kiswahili akanyamaza kabisa. Wiki iliyopita alichomoka, nikamkuta kwa Mukandutiye, ameketi na binti yake Larissa, ambaye naye alichelewa kusema. Daftari lile ni la Larissa. Mama yake ameandika dalili alizokosa kuzitambua mapema, ili zisimponyoke mzazi mwingine. Nami moyoni nilikwisha kumwita mchawi. Nimeona haya.

Jana nikawa nashona bitana ya koti lako. Nimekuta karatasi ya daktari wa Kigali, ya mwaka jana. Mtoto ana usonji. Ameandika aongeleshwe sana, lugha yoyote, afundishwe kwa picha, arudishwe baada ya miezi mitatu. Mimi nilimfungia mtoto kwa kutojua. Wewe ulijua. Karatasi nimempa Kaltumu.

Mama

Kampala, 2 Agosti

Mama,

Asalamu alaikum. Sijui kama mnazitaka salamu zangu. Niliogopa watu watasema ukoo wetu una dosari. Nikadhani nisipoitaja itapita. Kaltumu hapokei simu. Mwambie nilitaka kumlinda mtoto.

Mwanao

Nengo, 15 Septemba

Abdu,

Waalaikumu salaam. Sote wazima. Sikumwambia Kaltumu hayo maneno, maana mimi mwenyewe siyaamini.

Kaltumu amepunguza siku za Goma. Amempeleka mtoto Kigali, na jioni tunafanya zoezi la picha kwa Mukandutiye. Juzi Mwamini alichukua picha ya kikombe akaniwekea mkononi. Alikuwa anaomba chai. Tangu azaliwe hajawahi kuniomba kitu, nililia mbele za watu.

Safari hii Kaltumu ndiye aliyeijua habari wa kwanza, na wewe wa mwisho.

Mama yako