Mkorosho Wenye Kiu

Alhamisi, Nkowe. Joto limelala juu ya bati tangu asubuhi, hakuna jani linalotikisika. Nimeamka na midomo mikavu.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu, kwa yeyote anayesoma. Kuna jambo sitaki kufa nalo.

Nimefundisha biolojia Nachingwea na Ruangwa hadi nikastaafu. Niliwaambia wanafunzi kwamba mimea haina sauti. Sasa wataalamu wanasema mmea wenye kiu, au uliokatwa, hutoa milio midogo ya kugonga, ya juu mno kwa sikio la binadamu. Vifaa vyao vimeinasa.

Mimi siku hizi sisikii hata kengele ya parokia.

Lakini mkorosho wa nyuma ya nyumba nausikia.

Binti yangu Sofia, anayeniuguza, aliubambua gome kuzunguka shina lote ili ukauke umesimama. Ni mzee, hauzai, tumeupulizia dawa ya salfa bure. Pale anataka kupanda ufuta. Tangu siku hiyo unalia: tk, tk-tk, kama mtu anayealisha vidole.

Nilipomwambia, alicheka, akaniinamia sikioni. "Baba, mimi napiga kelele hunisikii, mkorosho ndio unausikia? Haya, unasemaje?"

"Una kiu."

"Basi tuupelekee chai."

Baadaye akanionea huruma. Jana mchana aliumwagia ndoo ya maji. Nilikuwa kitandani, dirisha wazi. Mlio ulipungua, ukakoma.

Na midomo yangu ikalainika. Sikuwa nimekunywa kitu.

Hilo sikumwambia. Nimezoea kurudia jaribio kabla ya kutoa jibu. Leo ardhi ilipokauka mlio ulirudi, koo langu likakauka nao. Nikanywa kikombe kizima cha maji.

Hayakunisaidia.

Sofia ameshamwita fundi wa msumeno kutoka Mbekenyera. Anakuja kesho asubuhi. Ninapaswa kumwambia amzuie, nami nimechelewa kwa sababu ya aibu ya msomi.

Sasa hivi, jioni, mlio umeingia chumbani. Humu hakuna mmea, hata wa kwenye kopo. Nimeweka kiganja kifuani. Unagonga hapo.

Nimemwita Sofia mara mbili. Yuko mlangoni, amenipa mgongo, anachambua mboga. Hajageuka.

Nitamwita tena, na tena, hadi msumeno uwashwe. Ila najiuliza: hizo mara mbili, nimeita kwa sauti gani?