Maji ya Mgeni

Kakuma, Turkana

Mama yangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta jikoni kwako, mguu haukusumbui na baridi ya Wundanyi haijakukaba kifua. Mimi ni mzima, ila jua limenibabua hata ukiniona utauliza mimi ni mtoto wa nani. Huku watu wanasalimiana "ejok", nami naitikia kwa lafudhi yetu ya milimani, wananicheka kila siku.

Uliuliza kwa nini sikuja kama nilivyoahidi. Ngoja nikueleze, maana tulikaribia kufunga virago.

Ile mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji imeshasimikwa, kwenye kisima kilicho nje kidogo ya kambi ya wakimbizi. Upepo unaiendesha, maji yanasukumwa kupita kwenye utando mwembamba, chumvi inabaki nyuma, ingawa kwa sasa inatoa madumu machache tu kwa siku. Naiunda na Deo, mwalimu wa ufundi aliyekimbia Burundi, fundi hodari lakini mwepesi wa kukata tamaa. Fedha ni za mfuko wa serikali wa kujaribia mambo ambayo benki haithubutu kuyagusa. Wenyewe wanajua kwamba mengi yatashindwa, kwa hiyo wanatoa kwa awamu: ukithibitisha ya kwanza unapewa ya pili, usipothibitisha kazi inaishia hapo. Bila awamu ya pili mashine ingeng'olewa, na wanawake wa hapa wangebaki na maji machungu yanayowasokota watoto matumbo.

Basi mkaguzi akaja kutoka Nairobi. Alitaka madumu mawili, moja la maji ya kisima kama yalivyo, la pili la maji yaliyopita kwenye mashine. Kuteka tulimwachia Mama Akiru, Mturkana anayewaongoza wanawake wa kisimani. Mkaguzi akatumbukiza kipimo chake katika dumu la kwanza, kisha la pili, akatutazama. Yote yalikuwa maji matamu. Akasema kwa upole kwamba kisima hiki hakina chumvi ya kuondolewa, na hawezi kutuombea awamu ya pili. Papo hapo askari wa msafara wakapiga honi. Magari ya kwenda Lodwar husafiri kwa msafara kwa kuogopa majambazi, na msafara haumngoji mtu. Akaondoka.

Deo alikaa mchangani, ameshika kichwa. Mara Mama Akiru akaja anatabasamu, anauliza kama mgeni alifurahia maji. Kumbe alisikia mgeni ataonyeshwa maji, akajua atayanywa. Akamwaga yale ya kisima, akatembea hadi kwenye mto Tarach uliokauka, akafukua mchanga mpaka akapata matamu.

"Mgeni nakuja mbali," aliniambia. "Mimi napea yeye maji uchungu namna gani? Hiyo ni aibu yangu."

Nilitaka kumfokea, Mama, nikashindwa. Nilikuona wewe, unavyowatolea wageni vikombe vizima huku sisi tunanywea vile vilivyovunjika mikono.

Kesho yake nilipanda gari la msafara, nikamkuta mkaguzi ofisini Lodwar akifunga mizigo. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakubali kurudi mara moja tu, kwa sharti kwamba Mama Akiru ateke maji ya kisima mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ayaonje.

Kumshawishi Mama Akiru ndiko kulikuwa na kazi. Alikataa katakata. Alisema afadhali mashine iende kuliko watu waseme alimpa mgeni uchungu. Deo ndiye aliyekwenda kuketi naye mlangoni, akamwambia mgeni huyu hakuja kunywa, amekuja kuona wenyeji wanakunywa nini. Siku ilipofika, Mama Akiru alikuja.

Alipiga pampu, akajaza kikombe, akakitoa kwa mikono miwili huku amegeuza uso. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mkaguzi alipiga funda moja, likamshinda, akatema. Nyuma yao watoto walikuwa wanasubiri zamu na vikopo vyao.

"Na hawa watoto wanakunywa haya haya?" akauliza.

"Hawa si wageni," Mama Akiru akasema.

Mkaguzi akachukua kipimo chake, akapima maji ya kikombe, kisha yale ya mashine.

Awamu ya pili tumepewa. Maana yake ni kwamba Krismasi hii pia nitakula huku. Najua utanuna, na mimi nimeumia, lakini usinikasirikie.

Nisalimie kaka mkubwa wa shamba la kabichi, shangazi wa kwaya, na mke wa mdogo wangu aliyejifungua juzi, mwambie mtoto nitamwona akiwa anatambaa. Nawe usibebe kuni, waachie wenye magoti.

Mwanao akupendaye,

Mwakio