Fuvu la Faru wa Bugomora

Kibingo, Jumanne, Agosti 1938

Laiti ningenyamaza! Mara moja tu katika maisha yangu, ningenyamaza.

Leo barazani Bwana Nyama, afisa wa serikali wa wanyamapori, alitangaza kwamba yule faru jike wa Bugomora na ndama wake watapigwa risasi, ili mbung'o wakose damu na ng'ombe wetu wapone. Akasema hakuna hasara, kwani faru wa namna hiyo wamejaa kwingineko. Nikasimama. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimejiandaa. Nikamthibitishia kwamba wetu ni aina nyingine: pembe zao, midomo yao, hata vimo. Wakiisha hapa, wameisha duniani.

Uso wake ukachangamka. "Kweli? Basi lazima tupate fuvu. Wataalamu hawapimi maneno."

Watu wakacheka. Shemeji yangu Rwegasira, aliyepoteza ng'ombe kwa mbung'o, akaninong'oneza, "Shemeji, leo umewinda bila bunduki."

Nikisema ni faru wa kawaida, watauawa kwa kuwa wako wengi. Nikishikilia kwamba ni wa peke yao, watauawa ili ijulikane.

Nikamuuliza Bwana Nyama, na ndama je? Bado ananyonya.

"Huyo pia. Tutapata mkubwa na mdogo."

Wawindaji wataondoka kesho kukicha. Mimi natoka sasa hivi na sufuria na mwiko, nikawafukuze faru wavuke mto kabla bunduki hazijafika. Najua faru mwenye mtoto hazikimbii kelele, huzifuata.

Sina hoja nyingine.