Paswedi ya Fundi Wambura

Fundi Wambura, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila kukuandikia bila shikamoo kumenishinda. Ni mimi Neema wa Kigera, mwanafunzi wako uliyemwita "mwarimu wa Kiswahiri" kwa utani. Naandika hapa hapa ofisini kwetu, chumba cha mitambo cha hospitali, Bunda. Kiti chako nimekisogeza dirishani. Sijakikalia bado.

Tangu tukuzike Butiama mambo yamebadilika. Unakumbuka waifai yetu ya paswedi moja, ambayo bodaboda wa getini waliijua kuliko manesi? Ulilalamikaga miaka yote: majibu ya maabara yanapita hewani, mtu akae nje na simu yake ayachungulie! Basi mwezi uliopita mganga mkuu kakubali. Kila mfanyakazi aingie kwa jina lake na paswedi yake, na kila kinachopita hewani kifungwe kwa mafumbo, asiyehusika akikidaka asiambulie kitu. Kazi nikapewa mimi. Nilifurahi, halafu nikalia.

Maana ili niyapange hayo ilibidi kwanza niingie kwenye kisanduku cha ulinzi, kile cheusi chenye taa za kijani, kinachoamua nani apite mtandaoni na nani abaki nje. Na paswedi yake ulikuwa nayo wewe peke yako. Nilipokupigia kuiulizia ukiwa mgonjwa, kabla ya haya yote, ulicheka kwa shida ukasema, "Ni ire ninayokuambiaga kira jioni tukifunga ofisi. Herufi ndogo, usiache nafasi." Nikaona rahisi. Mlango haulali, msemo wako wa kufungia ofisi. Nani asiyeijua?

Nikaandika mlangohaulali. Kikakataa. Nikarudia taratibu, labda kidole kimeteleza. Kikakataa. Nikaweka herufi kubwa, nikaacha na nafasi ulizonikataza. Wapi! Kikaniambia nimebakiza jaribio moja, nikikosea kinajifunga, na kukifungua ni mpaka kifutwe chote, miaka yako yote ya kukipanga, na maabara warudi kukimbizana na karatasi. Na afisa utawala alishasema tutafute mtaalamu Mwanza, huyu binti bado mdogo. Nikakukasirikia, Fundi, nisamehe. Nikasema mzee huyu kaondoka na ufunguo mfukoni.

Nikaacha. Nikaenda kunywa uji kantini, nikarudi, nikafunga mlango kama tulivyokuwa tunafunga jioni zote zile, nikajaribu kukusikia ukiisema. Nikakusikia. Yesu wangu! Lini wewe uliwahi kusema "haulali"? Mzanaki wewe, chakula kwako chakura, kulala kwako kurara, na mimi mtoto wa mwalimu nilikusahihisha kila siku ya Mungu, wewe unanijibu tu, "Umenierewa, hujanierewa?" Majaribio yote yale nilikuwa nakusahihisha. Hata kaburini sikukuacha.

Nikaandika mrangohaurari.

Kikafunguka. Nililia mpaka nesi akaja mbio kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia hakuna msiba, tumefunguliwa.

Sasa kila mtu anaingia kwa jina lake. Manesi wananung'unika kwamba paswedi ni ndefu, daktari mmoja kasahau yake mara mbili wiki hii, na bodaboda wa getini wamenuna kabisa. Ile yako ya zamani nimeshaibadilisha, ndiyo maana nathubutu kuiandika hapa. Jumamosi nilipanda gari mpaka Kiabakari, nikachukua pikipiki hadi Butiama, nikang'oa majani hapo ulipolala. Nilikueleza habari hizi zote, ila mkeo alikuwa amesimama pembeni, yaliyobaki nikashindwa kuyasema. Ni machache. Nilikuwa naucheka ulimi wako mbele za watu, na wewe hukuninunia hata siku moja. Nimekukosa sana, Fundi.

Basi nakuaga. Nakuahidi mlango huu nitaulinda, na ulimi wa mtu sitaucheka tena. Paswedi mpya siiandiki, ulinikataza mwenyewe kuweka paswedi kwenye karatasi. Lakini nayo ni maneno yako; siku ukipita hapa, yatamke tu kwa mdomo wako huo huo. Mlango utafunguka.

Mwanafunzi wako,
Neema