Mama, Usivuke Kwenda Kulinda Shamba

Riverside, Buffalo
Novemba 2016

Kwako mama yangu mzazi,

Bwana Yesu asifiwe, mama. Umeamkaje huko? Kile kifua kimeachia, au vumbi la hapo kambini Nyarugusu bado linakikaba? Sisi tunapumua. Baridi imeanza kung'ata, watoto wanakwenda shule na wakirudi wananijibu kwa Kiingereza, mimi bado napanga maboksi kwenye kampuni ileile. Kwa hayo namshukuru Mungu. Lakini siyo hayo yaliyonifanya nikae niandike.

Mwanao Fidele amenipigia kutoka Columbus. Anasema umeamua kutoka kambini kimyakimya, uvuke mpaka urudi Burundi, kwetu Makamba, ukakae shambani, kwa sababu jirani ameng'oa minyaa ya mpaka akapanda mihogo yake upande wetu. Tena anaisema kwa furaha! "Mama ni shujaa, dada." Nikamwambia, we Fidele, umekaa kwenye kochi lako huko Columbus, unampeleka mama kwa watu waliomkimbiza mwaka jana? Tumegombana mpaka nikamkatia simu. Yako naipiga kila siku, haipatikani. Uko wapi, mama?

Nisikilize kwanza nikueleze nilikotoka. Wale wazungu wa kanisa la North Buffalo, waliotupokea tulipohamia huku kutoka Louisville, huwa wanapeleka watu Palestina kujifunza. Si kuhiji. Unakaa na Wapalestina majumbani mwao, unaona wanavyoishi ardhi yao ikiwa chini ya jeshi la Israeli. Safari hii wakanichagua mimi, eti kwa kuwa nimekulia kambini nitaona wasichokiona wao. Wenzetu wa kanisa la Warundi hawakunielewa kabisa. "Umefika mpaka Bethlehemu, umerudi bila hata kachupa ka maji ya Yordani?" Nimechoka kuwajibu.

Aibu niliyoipata huko, mama! Asubuhi moja tulifika kwenye kizuizi cha barabarani pamoja na mwenyeji wangu, mama mmoja anaitwa Samira. Watu wamepanga foleni, askari na bunduki zao wamesimama. Askari mmoja akapaza sauti, akaonyesha chini kwa mkono. Nami nikakaa. Nilichuchumaa palepale kwenye vumbi, pasipoti ya Marekani nimeinyanyua juu ya kichwa, kama tulivyokaa kambini siku ya kuhesabiwa, familia kwa familia, kadi ya mgao juu. Kumbe alitaka tuweke mizigo chini tu. Wazungu wangu midomo wazi, wengine wakadhani naumwa. Samira ndiye aliyenishika kwapani akaninyanyua, akanipangusa sketi kama mtoto. "Inuka, dada. Sisi hapa tunasimama." Nililia, mama. Mtu mzima, mzazi, nalia mbele ya askari.

Mchana wake tukakaa barazani kwake kuchambua zeituni, ndipo nikamsimulia habari zako: ulivyorudishwa Burundi, ulivyolipigania shamba mpaka ukalipata, ulivyokimbia tena, na jinsi ulivyoanza kuniambia unataka kwenda kuliangalia. Kiingereza chake ni cha shule, changu cha maboksi, tukaelewana hivyohivyo. Baba mkwe wake naye alikuwepo, Samira akimtafsiria. Mzee yule huenda kwenye mizeituni yake kila akiruhusiwa kupita, maana huko ardhi ikikaa bila mtu huambiwa haina mwenyewe. Hakufikiri hata kidogo. "Mwambie mama yako aende. Shamba lisilomwona mwenyewe limeshakwenda." Nilikuwa nimetafuta mtu wa kunisaidia kukukataza, kumbe nimempata ndugu yako!

Mzee alipotoka kwenda kuswali, Samira akanivuta jikoni. Akasema, "Usimsikilize. Mwanangu wa kwanza alikwenda kuilinda ile mizeituni. Mizeituni ipo." Kisha akageukia sufuria yake, akawa anakoroga tu.

Mama, mimi sina ubishi juu ya shamba. Baba alikata roho akilitaja. Najua haki ni yako, na yule jirani hana haya usoni. Lakini haki haimzuii mtu kuuawa. Utasema Domitila amekuwa Mmarekani, amesahau udongo uliomlea. Sema, mama. Nitukane unavyotaka, ila nitukane ukiwa hai. Silali, sili, kazini naweka maboksi kwenye mkanda wa mashine usio wake, msimamizi amenionya. Shamba likienda tutalilia wote, wewe, mimi na Fidele. Ukienda wewe, hata pa kukuzika hatutaonyeshwa.

Barua hii nimempa mchungaji wetu anayesafiri kuja Kigoma, ataifikisha kambini kwa mkono wake. Akikukuta, nakushika miguu, usitoke.

Nisalimie mama mkubwa, dada yako anayeuza mchicha pale sokoni, na mjomba, mwambie dawa za macho mchungaji amezibeba. Evelyne mdogo wangu anakusalimu kutoka Louisville. Ana mimba, sijathubutu kumwambia neno lolote. Wajukuu zako wamekuchorea nyumba, nimeikunja humu ndani.

Ni mimi mtoto wako niliyebaki na simu mkononi,
Domitila

Na wewe shangazi Yosefina, unayelala naye hema moja: kama barua hii umeifungua wewe kwa kuwa mama hayupo, usikae kunijibu. Tuma vijana wamfuate njia ya mpakani, sasa hivi. Mama hatembei haraka.